Imani ni jina la kike au la kiume?

*Shikamoo mwalimu. Naandika kutoka Dodoma. Mimi na mume wangu tunategemea mtoto wetu wa kwanza mwezi wa tisa. Tulipokwenda kupiga utrasaundi tulimwomba daktari asituambie kama ni wa kike au wa kiume, tukachagua jina moja litakalomfaa yeyote atakayekuja: Imani. Mama mkwe amelikataa. Anasema Imani ni jina la kike, na mjukuu wake akiwa wa kiume atachekwa mpaka achoke. Baba yangu naye anasema amefanya kazi miaka mingi na Imani mmoja, mwanamume mwenye ndevu zake. Tumsikilize nani? Mama mtarajiwa.*

Marahaba mwanangu, na hongera.

Nianze na jibu, usije ukalitafuta mpaka chini. Imani linamfaa wa kike na linamfaa wa kiume, na hapa Tanzania mvulana wa jina hilo hana cha kuonea haya. Muulize mtu yeyote anayefuatilia mpira. Yanga waliwahi kuwa na mwenyekiti akiitwa Imani Madega. Simba nao wakawa na mtendaji mkuu akiitwa Imani Kajula. Wote wanaume. Ukiona Yanga na Simba wamekubaliana juu ya jambo, shika hapo hapo usiachie.

Lakini mama mkwe wako hajasema uongo. Nina hakika akina Imani aliowajua yeye, kanisani au mtaani kwake, walikuwa mabinti. Baba yako naye alimjua mwenye ndevu. Kila mmoja anakupa hesabu ya watu wake, na mambo ya majina ndivyo yalivyo: hayana kamusi ya kuamua, yana watu uliowahi kukutana nao. Nimefundisha Kiswahili miaka 32, nimeita mahudhurio asubuhi hata sijui mara ngapi, na hili swali la jina la nani ni la nani limenifuata mpaka kwenye kustaafu. Kwa hiyo nivumilie, nitalizunguka kidogo.

Kiswahili chenyewe hakijali. Hakina "yeye" wa kike na "yeye" wa kiume. Jirani anaweza kukusimulia habari za Imani tangu asubuhi hadi magharibi, Imani kaamka, Imani kaenda shamba, Imani kagombana na bosi wake, usijue kama ni kaka au dada. Mpaka afike kwenye harusi. Hapo lugha inambana: Imani ameoa, au Imani ameolewa? Ukiondoa kuoa na kuolewa, kitenzi cha Kiswahili hakina habari na jambo hilo.

Kinachokishughulisha Kiswahili ni kama unazungumza juu ya mtu au kitu. Mtu akikuambia "imani yangu imepotea", mpeleke kwa mchungaji au kwa shehe. Akikuambia "Imani wangu amepotea", kimbieni wote kwa mwenyekiti wa mtaa. Neno ni lile lile. Upatanisho ndio umelitoa kwenye ngeli yake na kuliingiza kwenye ngeli ya watu. Na humo ndani hakuna mlango wa wanawake na mlango wa wanaume.

Wengine wanajali sana, tena kwa herufi ya kwanza tu. Mjaluo akizaliwa usiku ni Otieno kama wa kiume, Atieno kama wa kike, na humwulizi zaidi. Wakalenjin wana Kip- kwa wavulana na Chep- kwa wasichana. Ukivuka kwenda Rwanda na Burundi unakuta tena mambo kama yetu: Uwimana, mtu wa Mungu, anaweza kuwa binti, anaweza kuwa kijana. Watu wa pwani walipotaka kutenganisha walitenganisha wazi, kwa kumwekea binti "Mwana" mbele. Hamisi ni wa kiume, wa kike ni Mwanahamisi. Idi na Mwanaidi, Kombo na Mwanakombo, na Mwanajuma ambaye kwa kuitwa haraka haraka kila siku akawa Mwajuma. Sijawahi kukutana na Mwanaimani. Wala Mwanabaraka, wala Mwanatumaini. Majina haya ya neno lenye maana njema watu waliyaacha wazi, na nadhani hawakuona haja ya kuyafunga.

Sasa kwa nini basi masikio yetu yanasema "hili la kike, hili la kiume"? Sehemu kubwa ni sauti ya mwisho. Tumezoea jozi za Kiarabu: Salimu na Salima, Rashidi na Rashida, Latifu na Latifa, Azizi na Aziza. Tumezoea na za Kizungu. Sikio likajifunza kwamba jina likiishia na *a* pana binti. Wamarekani nao, walipotaka kumpa mwanamke jina la Uhuru kwenye tamthilia ya televisheni iliyoanza 1966, walichukua ile *u* ya mwisho wakaifanya *a*, akawa Uhura! Kwetu neno hilo halipo, lakini kwa sikio lao ndipo lilipokuwa la kike. Kanuni hiyo hata hivyo haifiki mbali, maana Juma ana *a*, Musa ana *a*, Hamza na Mustafa na Zakaria vile vile, na hakuna aliyewahi kuwapeleka jikoni kwa sababu hiyo. Imani lako linaishia kama Athumani, Ramadhani, Shabani na Selemani. Kwa sikio la mtu aliyekulia kati ya majina hayo, Imani lina mlio wa kiume kabisa. Baba yako nadhani ndiko aliko.

Mama mkwe huenda anasikia kitu kingine: Faith. Wakristo wengi, Kenya hasa lakini na kwetu pia, wakitaka maana hii huandika kwa Kiingereza, na Faith ni msichana bila mjadala. Mtazame Faith Kipyegon, aliyechukua dhahabu ya Olimpiki ya mita 1,500 mara tatu mfululizo. Mtu akishazoea Faith, ukimtajia Imani kichwa kinatafsiri chenyewe na kumvalisha gauni.

Wako pia wanaosema siri iko kwenye maana: majina ya upole ni ya kike, ya nguvu ni ya kiume. Hili nalikataa, na ushahidi wangu ni Neema na Baraka. Nieleze tofauti ya neema na baraka. Mchungaji akiomba, yote mawili yanashuka pamoja kutoka pale pale. Lakini Neema ni binti karibu kila unapokwenda, na Baraka ni kijana, Tanzania, Kenya, hata Bukavu na Goma. Kisha ajabu yenyewe: mmoja wa watu wanaojulikana sana wa jina Baraka katika historia ya Uislamu ni mwanamke. Ni Umm Ayman, aliyemlea Mtume Muhammad (S.A.W.) utotoni; jina lake lilikuwa Baraka. Kwa Kiarabu neno lenyewe ni la jinsi ya kike. Lilifika kwetu, likakaa, likageuka la wavulana, na hakuna aliyepiga kura. Ni mazoea tu: anaanza mmoja, jirani anampa mwanawe, shangazi anakumbuka.

Mazoea hayo yenyewe yanabadilika ukivuka mpaka, tena wakati mwingine ukivuka mto tu. Bahati Bukuku, mwimbaji wa injili wa kwetu, ni mama. Bahati wa Nairobi, naye mwanamuziki, ni baba wa watoto. Zawadi kwa wengi ni msichana, lakini Zawadi Mauya alikuwa akikaba kiungo cha Yanga na hakuna mshambuliaji aliyemwonea haya.

Zawadi ananirudisha kwenye kisa kimoja, nikusimulie, kwa sababu ndicho kinachoonyesha jina la wote kama hili linamsumbua mtu wapi hasa.

Ilikuwa shule ya bweni niliyofundisha zamani, siku ya kuripoti kidato cha kwanza. Orodha ya mabweni ilikuwa imeandaliwa ofisini kwa kuangalia majina peke yake. Aliyeiandaa alikuwa na haraka, safu ya jinsi hakuitazama. Saa kumi jioni namkuta matroni amesimama mlangoni mwa bweni la wasichana, mikono kiunoni. Mbele yake kijana mrefu, godoro kichwani, ndoo mkono huu, jembe na fyekeo mkono ule, na karatasi ya maelekezo ameing'ata kwa meno kwa kukosa mkono wa kuishikia. Karatasi inasema Zawadi fulani, bweni hili, kitanda namba kumi na nne, juu. Matroni anasema hapiti mtu. Kijana hana wasiwasi hata kidogo. Akaitoa karatasi mdomoni akaniambia, "Mwalimu, shule ya msingi pia walinipanga mechi ya netiboli. Wewe nionyeshe kwa wavulana ni wapi, godoro zito."

Tulimaliza kwa dakika kumi. Alilala bweni la wavulana, utani ukaendelea wiki mbili hivi, kisha akaja mwingine aliyeitwa Masumbuko, wakamhamia huyo.

Nakusimulia hivi kwa sababu mama mkwe anaogopa kuchekwa, na mimi naogopa zaidi makaratasi. Watoto hucheka chochote. Kama Imani wako atataniwa, hatataniwa kwa sababu ni jina la kike. Atataniwa "Imani haba" na kila mtoto aliyepitia Sunday school, na mwalimu wa hesabu atamwandikia kwenye ripoti kwamba imani bila matendo imekufa, akijiona wa kwanza kuligundua hilo. Mimi mwenyewe nimeliandika. Hilo litampata awe wa kike au wa kiume.

Makaratasi ndiyo yenye jambo ambalo wazazi wengi hawalifikirii. Vitabu vya majina vya Kizungu vinashauri: kama jina la kwanza ni la wote, ongeza la kati linaloonyesha jinsia. Kwao inawezekana, kwa sababu la kati ni la mtoto mwenyewe. Kwetu la kati ni la baba na la tatu ni la babu au la ukoo. Binti yako ataitwa, tuseme, Imani Juma Hamisi. Majina matatu, na mawili ni ya wanaume waliomtangulia! Anayesoma jina hilo bila kumwona ataandika "Bw." na huwezi kumlaumu. Kwa hiyo kwetu jina la kwanza linabeba mzigo wote peke yake, na kwa hesabu hii anayesumbuka zaidi na Imani ni binti, wala si mvulana kama mama mkwe anavyohofu. Barua za kazi zitamwita Bwana. Atakayemtumia pesa kwa simu ataona jina na kusita, atapiga kuuliza kama namba ndiyo. Ni usumbufu mdogo, lakini ni wa maisha.

Dawa yake ipo. Kama ni Wakristo, jina la ubatizo linaweza kuandikwa pamoja na Imani kama jina moja la mtoto, Imani-Grace kwa mfano, ila mjue kistari hicho atakibeba kwenye kila fomu. Kama ni Waislamu, wapo wanaotanguliza Bi au Siti nyumbani tu, bila kuliandika. Wengi hawafanyi lolote, na cheti cha kuzaliwa kina sehemu yake ya jinsi, jina halilazimiki kufanya kazi hiyo.

Kwa kuwa hukuniambia dini yenu, niongeze moja kwa upande wa Waislamu. Neno hili ni la Kiarabu, *iman*, na asili yake ni moja na amani, amana, amini, na Amina mwenyewe. Wapo wanazuoni wasiopenda jina hili, na sababu yao haihusiani na kike wala kiume. Katika Sahihi Muslim kuna hadithi inayokataza kumwita kijana majina kama Rabah na Aflah, maana yake faida na kufaulu, kwa sababu utauliza "yupo?" ujibiwe "hayupo". Ukifikiria mtu anabisha hodi, "Imani yupo humu?", na wewe kwa unyoofu unajibu "hayupo, katoka tangu jana", utaona wanachokiogopa. Wengine hawaoni tatizo. Muulize shehe wenu, si mimi.

Huko Uarabuni kwenyewe, *iman* kisarufi ni neno la kiume lakini siku hizi kwa Waarabu wengi ni jina la wanawake. Ukivuka Ghuba ukaingia Iran, ni la wanaume. Na Amani, ndugu yake, ana mtego wake: kwetu ni utulivu, na Amani Abeid Karume alikuwa Rais wa Zanzibar kuanzia 2000 hadi 2010, lakini Mwarabu akisikia Amani anasikia neno jingine kabisa lenye maana ya matumaini ya moyo, na kwake ni jina la binti. Ndugu zetu wenye watoto Muscat wanalijua hili, wameshaulizwa mara nyingi.

Marekani nako Imani ni msichana. Tangu ilipoanzishwa sikukuu ya Kwanzaa mwaka 1966, yenye misingi saba kwa Kiswahili, msingi wa mwisho ni Imani, unaoadhimishwa tarehe 1 Januari. Wamarekani weusi waliupenda, wakawapa mabinti zao, pamoja na Nia. Kijana wako akienda kusoma Chicago, atapokelewa uwanja wa ndege na mtu aliyeshika bango akimtafuta dada. Atazoea.

Kuna msomaji aliwahi kuniuliza kuhusu Ujerumani, kwamba huko msajili anaweza kukataa jina lisiloonyesha jinsia. Zamani walikuwa hivyo. Mwaka 2008 Mahakama ya Katiba yao iliamua, katika shauri la wazazi waliotaka binti yao aitwe Kiran, kwamba hakuna sheria inayolazimisha jina litaje jinsia. Kwetu haijawahi kuwa hoja.

Turudi Dodoma. Kabla hujabishana tena na mama mkwe, fanya jambo moja dogo. Muulize kwa upole, "Mama, Imani uliyemjua alikuwa nani?" Mwache asimulie. Inawezekana kuna binti wa jina hilo aliyepatwa na jambo, au aliyemkosea, au aliyefariki, na hiyo ndiyo sababu hasa. "Ni jina la kike" ni maneno ya kufunikia. Nimeliona hilo zaidi ya mara moja: mabishano ya jina huwa ni kumbukumbu ya mtu. Kama ni hivyo, hapo una kazi nyingine, na sarufi yangu yote haitakusaidia. Kama siyo, na ni mazoea ya masikio tu, mtajie Madega na Kajula, na mpe yeye nafasi ya jina la utotoni. Bibi amwite mjukuu wake apendavyo ndani ya nyumba. Wengi wetu tumekua na majina mawili na hatukupotea njia.

Mtoto akiwa wa kiume, ningempa Imani bila kusita. Akiwa wa kike ningempa pia, ila ningejiandaa kwa zile "Bw." za kwenye barua. Na wakija wawili, nakuomba, usiwaite Imani na Amani. Kwenye daftari la mahudhurio, kwenye simu, na kwa bibi anayeita kutoka uani, watakuwa mtoto mmoja, na akitafutwa mmoja watakuja wote au asije hata mmoja.

La mwisho ni la mwalimu aliyesahihisha majina mengi mno. Iman, Imman, Imaan na Imani zote nimeziona, na mara mbili nimeziona kwa mtoto mmoja, hii kwenye kadi ya kliniki, ile kwenye cheti cha darasa la saba, na mzazi akaja kuhangaika na hati ya kiapo wakati mtoto anasubiri kwenda kidato cha kwanza. Tangazo la kizazi litakapoandikwa hospitalini, mume wako asimame hapo hapo alisome kabla halijagongwa muhuri. Kisha mkasajili ndani ya siku 90, kwa tahajia ile ile: *m* moja, na *i* mwishoni.